Nani anakaa ukumbini usiku? Mabadiliko ya thieta za Moscow yanasomwa vibaya

Tangu Desemba 2023, mwongoza okestra Valery Gergiev anaongoza thieta mbili kubwa kuliko zote nchini Urusi: Mariinsky ya Saint Petersburg, ambako amekuwa kiongozi wa kisanii tangu 1988, na Bolshoi ya Moscow, iliyokuwa chini ya Vladimir Urin kwa miaka 10. Mwaka 2024 mwigizaji Vladimir Mashkov, ambaye tangu 2018 anaongoza thieta ya Tabakov, alikabidhiwa pia Sovremennik, nyumba ya thieta iliyozaliwa mwaka 1956. Habari hizi zimesomwa kwa jicho moja tu: nani yuko karibu na Kremlin na nani ametupwa nje. Usomaji huo una ukweli wake, lakini unaishia mlangoni. Ninachoshikilia hapa ni kwamba thieta ya Moscow ni kazi ya kila siku inayotegemea kundi la kudumu na mzunguko wa michezo mingi kwa wakati mmoja, na kwamba mchezo ulioko kwenye mzunguko huoza usipolindwa. Kumpa mtu mmoja nyumba mbili kunagusa ulinzi huo kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Siasa imo, na ni upofu kuikana. Urin alitia saini wito wa kusimamisha vita Februari 2022. Gergiev alifukuzwa na okestra ya Munich Philharmonic Machi mwaka huohuo kwa kukataa kulaani uvamizi wa Ukraine. Thieta ya Gogol Center, iliyojengwa na mwongozaji Kirill Serebrennikov kuanzia 2012, ilivunjwa katikati ya 2022 na jengo likarudishiwa jina lake la zamani. Julai 2024 mwongozaji Zhenya Berkovich na mwandishi Svetlana Petriychuk walihukumiwa na mahakama ya kijeshi jijini humo kifungo cha miaka 6 kila mmoja kwa sababu ya mchezo, na mchezo wenyewe ulikuwa umetuzwa na Golden Mask, tuzo kuu ya thieta nchini. Hayo ni mambo mazito na hayapunguzwi na lolote nitakalosema hapa. Ila siasa inatueleza kwa nini mtu fulani aliondolewa. Haitwambii mchezo wa Jumanne utakuwaje miaka 3 baadaye, na huko ndiko madhara ya muda mrefu yanakokaa.

London au New York, mchezo wa kibiashara huandaliwa, waigizaji wakakodiwa kwa ajili yake, ukachezwa kila usiku mpaka watazamaji wapungue, kisha kila mmoja akaenda zake. Moscow wana mfumo wanaouita repatua. Nyumba ina waigizaji wake wa kudumu, wanaolipwa mshahara wa mwezi pamoja na posho ya kila onyesho. Ina michezo 20, 30 au zaidi iliyo hai kwa wakati mmoja. Leo usiku mchezo wa Ostrovsky, kesho wa Chekhov, keshokutwa wa mwandishi kijana. Mchezo mmoja hurudi jukwaani mara moja, mbili au tatu kwa mwezi, na ukipendwa huishi miaka 10 au hata 20. Msimu huanza Septemba kwa mkutano wa kundi zima na kufungwa Juni au Julai. Picha za waigizaji wote zimetundikwa ukutani ukumbini, kwa mistari, kila moja na jina lake chini. Anayetoka kwenye kundi, picha yake huteremshwa. Mtazamaji wa Moscow hupita mbele ya ukuta huo wakati wa mapumziko na kusalimiana na nyuso anazozijua tangu utotoni.

Tuuangalie mfumo huu kwa karibu, maana hapo ndipo hoja inapokaa. Asubuhi mafundi wa jukwaa huanza kubomoa mandhari ya jana. Majengo mengi ni ya zamani na hayana nafasi nyuma wala pembeni, kwa hiyo kuta, ngazi na samani hupakiwa kwenye lori kwenda ghalani, na lori hilohilo au jingine huleta za leo. Saa 5 asubuhi mara nyingi kuna mazoezi ya mchezo mpya, ama chumbani ama kwenye jukwaa lenyewe, na hapo kazi husimama au huendelea kimyakimya. Mchana taa huelekezwa upya moja moja, kwa sababu zile za jana zililengwa kwenye kitanda na leo pale pana mti. Chumba cha maleba hupiga pasi mavazi ya mchezo wa leo na kufua ya jana. Wigi huchanwa juu ya vichwa vya mbao. Jioni msaidizi wa mwongozaji huketi pembeni mwa jukwaa na kipaza sauti chake, huwaita waigizaji kwa majina, hutoa ishara ya kila taa na kila mlio, na ndiye anayeamuru zile kengele tatu za kuwaita watazamaji. Pazia hufunguka saa 1 usiku. Saa 4 kila kitu kimekwisha, na asubuhi mafundi wanaanza tena kubomoa.

Sasa, mchezo uliotengenezwa kwa mazoezi ya miezi na kuchezwa mara mbili kwa mwezi una maradhi yake. La kwanza ni usahaulifu. Pengo likizidi wiki 3 au 4, waigizaji hukutana siku ya onyesho kupitisha maneno haraka haraka, wameketi, bila kuigiza. Kikao hicho kikirukwa, mmoja hukosa mstari, mwenzake hujibu swali ambalo halijaulizwa, na tukio zima linapoteza mfupa wake. La pili ni gumu zaidi kuliona, nalo ni kulegea. Mwigizaji aliyechekewa jana huisubiri tena leo ile sekunde ya kicheko, halafu huirefusha. Aliyeliza watu hurefusha kimya chake. Hakuna anayekusudia kuharibu. Kila mmoja huongeza chembe yake, na mchezo wa saa 2 na dakika 40 unakuwa wa saa 2 na dakika 55 bila neno hata moja kuongezwa. Dawa yake ni ya kizamani na haina gharama: daftari la maonyesho. Msaidizi wa mwongozaji huandika kila sehemu imeanza na kumalizika saa ngapi, nani alichelewa kutoka, mlango gani haukufunguka, taa ipi ilikosea. Thieta ya Sanaa ya Moscow, ile iliyoanzishwa na Stanislavsky na Nemirovich-Danchenko, ilikuwa na madaftari ya namna hiyo, na viongozi waliyasoma na kuyajibu kwa maandishi. Dakika 15 zilizoongezeka kwenye daftari ni sawa na homa kwenye kipimajoto. Lakini kipimajoto hakimponyi mtu. Lazima awepo mwenye mamlaka ya kukaa ukumbini, kuutazama mchezo wa zamani usiku ambao angeweza kuwa kwenye karamu, na kesho yake kuwaita waigizaji na kuwaambia wapi wamelegea.

Maradhi ya tatu hutokana na watu kuondoka. Mwigizaji akiugua, akijifungua, akienda kwenye filamu au akihama nchi, mwingine huingizwa mahali pake. Warusi wanaita vvod. Vvod nzuri huchukua mazoezi kadhaa pamoja na wenzake wote wa tukio, kwa mavazi na vyombo halisi. Vvod ya dharura hufanyika kwa saa chache: mgeni hujifunza aingilie wapi, asimame wapi ili taa impate, na maneno anayabeba kichwani kadiri anavyoweza. Moja haiui mchezo. Zikifika 5 au 6 ndani ya msimu mmoja, mchezo unabaki na jina na mandhari yake tu, kwa sababu waliojua kwa nini tukio lilipangwa vile hawapo tena jukwaani. Baada ya 2022 waigizaji na waongozaji wengi waliihama Urusi, wengine wakaondolewa, na idadi ya vvod ikapanda bila kelele yoyote. Mtazamaji hana pa kulalamikia. Sheria ya kurudisha tiketi iliyoanza Septemba 2019 inampa fedha zote akirudisha siku 10 au zaidi kabla ya onyesho, nusu akirudisha kati ya siku 5 na 10, asilimia 30 kati ya siku 3 na 5, na chini ya hapo kwa kawaida hapati kitu. Onyesho likifutwa au kubadilishwa kwa jingine, hulipwa zote. Akibadilishwa mwigizaji, kwa kawaida hapati chochote, kwa sababu thieta hujiwekea haki ya kubadili waigizaji.

Mila za mtazamaji wa Moscow zimeota juu ya udumu huohuo, na ndiyo sababu si mapambo. Wanafunzi wetu waliopita Chuo Kikuu cha Lumumba wanaukumbuka mlolongo wake. Majira ya baridi huingii ukumbini na koti: unalikabidhi kwenye chumba cha makoti na kupewa kibati chenye namba. Wanawake wengi huja na viatu vya ndani kwenye mfuko na kuvua buti palepale. Ukikodi darubini ndogo, desturi ni kwamba mwisho wa onyesho unarudisha darubini na kuchukua koti lako bila kupanga foleni. Kengele ya kwanza inakuita, ya pili inakuharakisha, ya tatu inafunga mlango. Mwaka 1933 Stanislavsky aliwaandikia barua wafanyakazi wa chumba cha makoti akiwaeleza kwamba onyesho huanza mtu anapoingia jengoni, kwa hiyo wao ndio wa kwanza kumpokea mtazamaji. Maua hupelekwa mpaka jukwaani wakati wa kupiga makofi, na idadi yake lazima iwe witiri, kwani shufwa ni ya mazishini. Nyuma ya pazia nako kuna sheria zake: hupigi mbinja jukwaani, hutafuni mbegu za alizeti, na karatasi za maneno yako zikikuponyoka mkononi unazikalia kabla ya kuziokota, hata zikiwa zimeangukia kwenye tope. Haya hujifunzwa na kijana kwa kumtazama mkubwa wake jioni hadi jioni kwenye nyumba ileile. Kundi linalokusanywa kwa mchezo mmoja na kutawanyika halina mkubwa wala mdogo wa kupokezana.

Wanaotetea mabadiliko wana hoja, na mbili kati yake zina uzito. Ya kwanza inahusu ugonjwa wa mfumo wenyewe. Kundi la kudumu hunenepa. Kufikia 1987 Thieta ya Sanaa ilikuwa na waigizaji zaidi ya 100, wengi wao wakikaa miaka bila nafasi yoyote ya maana, na ikabidi ipasuliwe vipande viwili: mmoja ukabaki na Oleg Yefremov, mwingine ukaenda na Tatyana Doronina. Thieta ya Taganka, iliyotikisa mji chini ya mwongozaji Yuri Lyubimov kuanzia 1964, ilimpoteza Lyubimov mwenyewe mwaka 2011 baada ya ugomvi na waigizaji wake kuhusu malipo wakiwa ziarani Prague. Kundi linaweza kumla kiongozi wake, na kiongozi anaweza kulidumaza kundi. Anayetaka mikataba ya muda, ambayo sheria ya kazi ya Urusi inairuhusu kwa wasanii, si adui wa sanaa. Nakubali kabisa kwamba nyumba yenye waigizaji 80 na nafasi za 40 inawadhulumu wale 40 wanaosubiri ubao wa matangazo uwatamke.

Hoja ya pili ni mwigizaji Oleg Tabakov. Kuanzia 2000 hadi alipofariki Machi 2018 aliongoza Thieta ya Sanaa na thieta yake ndogo ya chini ya ardhi kwa pamoja, na zote mbili zilijaa watu na michezo mipya. Hiki ni kipingamizi cha kweli kwa ninachokidai, kwa hiyo tukitazame vizuri. Thieta yake ndogo ilikuwa na viti zaidi kidogo ya 100, na waigizaji wake aliwalea mwenyewe tangu wakiwa wanafunzi. Nyumba zote mbili zimo katikati ya mji, hazina mwendo mrefu baina yao. Yeye mwenyewe alicheza kwenye majukwaa yote mawili, na mwigizaji anayecheza kwenye mchezo husikia kulegea kwake kutoka ndani, bila kusubiri daftari. Mfano wa Tabakov unathibitisha kwamba nyumba mbili zinawezekana kwa mtu anayeishi ndani yake. Mashkov yuko karibu zaidi na mfano huo, kwa sababu Sovremennik na ukumbi wa zamani wa Tabakov ziko mtaa mmoja na mwingine, eneo la Chistye Prudy. Lakini tangu mwishoni mwa 2023 amebeba pia uenyekiti wa chama cha wafanyakazi wa thieta cha nchi nzima. Gergiev ana kilomita 650 kati ya jengo moja na jingine, mwendo wa saa 4 kwa treni ya kasi, pamoja na okestra na ziara zake. Kinachotakiwa kuulizwa kwa wote wawili ni kilekile: ni usiku mangapi kwa mwezi anakaa ukumbini kutazama mchezo ambao si uzinduzi?

Wapo wanaosema hili ni kurudi kwenye asili, kwa kuwa kabla ya 1917 Kurugenzi ya Thieta za Kifalme ilisimamia Bolshoi, Maly na Mariinsky kwa pamoja. Historia hiyo ni ya kweli, na inasema kinyume cha wanachotaka iseme. Kurugenzi ilikuwa na ofisi yake ya Moscow, yenye meneja wake, iliyosimamia mambo ya nyumba za Moscow papo hapo. Vladimir Telyakovsky, mkurugenzi wa mwisho, aliyeshika nafasi hiyo tangu 1901, alianza kwa kuiongoza ofisi hiyo ya Moscow, na alifanikiwa kwa kuajiri watu wenye mamlaka kamili kwenye nafasi zao: Rachmaninoff kuongoza opera pale Bolshoi misimu ya 1904 hadi 1906, Korovin na Golovin kwenye mandhari. Cha kurithi pale ni ugawaji wa madaraka. Vilevile kuazimana michezo kati ya Bolshoi na Mariinsky si rahisi kama inavyotajwa. Kila jukwaa lina kina, upana na mteremko wake. Mandhari iliyokatwa kwa moja hupunguzwa au kuongezwa kwa jingine, taa hupangwa upya tangu mwanzo, na wacheza baleti hupima tena hatua zao zote za kukimbia na kuruka.

Hoja dhaifu kuliko zote, na bahati mbaya ndiyo inayosikika zaidi, ni foleni. Mwishoni mwa mwaka watu wamekuwa wakisimama kwenye baridi, pasipoti mkononi, kutafuta tiketi za Nutcracker, mchezo wa baleti wa mwaka mpya pale Bolshoi, ule uliotungwa na Yuri Grigorovich mwaka 1966, na picha za foleni hiyo hutolewa kama cheti cha afya ya thieta nzima. Hesabu yake ni nyepesi. Ukumbi wa kihistoria una viti karibu 1,740. Mchezo ukionyeshwa mara 20, ni nafasi 34,800 kwa mji wenye zaidi ya watu milioni 13, mbali na wageni. Foleni ingekuwepo hata kama michezo mingine yote ya nyumba hiyo imelegea. Tena mchezo wa aina hiyo unachezwa mfululizo, mara nyingi mbili kwa siku, kwa hiyo ndio unaougua kidogo kuliko yote maradhi ya pengo. Ukitaka kupima Bolshoi, Sovremennik au Maly, nunua tiketi ya Jumatano ya Februari, ya mchezo wenye umri wa miaka 8. Kadi ya Pushkin, inayowapa vijana wa miaka 14 hadi 22 rubli 5,000 kwa mwaka za kutumia kwenye thieta na makumbusho, nayo hujaza viti vya michezo iliyomo kwenye mitaala. Ni mpango mzuri kwa mtoto ambaye hangefika kamwe, lakini kiti kilicholipiwa na serikali hakisemi kama kilichochezwa mbele yake kilikuwa hai.

Kinachofuata, basi, hakitaonekana kwenye habari za uteuzi. Kitaonekana kwenye orodha za mwezi. Nyumba ikikosa mlinzi, michezo migumu, yenye watu 30 jukwaani na lori 2 za mandhari, huanza kupangwa mara chache, kwa kuwa kila mara huhitaji mazoezi ya kurejesha ambayo hakuna aliyetenga muda wa kuyasimamia. Pengo likirefuka mchezo huchezwa vibaya, ukichezwa vibaya mauzo hushuka, na mauzo yakishuka ndiyo sababu inayoandikwa wakati wa kuuondoa. Kisha mandhari huvunjwa ili ghala lipate nafasi. Hapo hakuna kurudi nyuma: mchezo ulioondolewa huweza kuandaliwa upya kwa gharama ya mchezo mpya tu, na waliojua jinsi ulivyofungwa wameshatawanyika. Nafasi yake hujazwa na mchezo wa watu 4 na meza moja, wenye jina kubwa la filamu, ambao hauhitaji kundi. Nyumba inayoishi kwa michezo hiyo baada ya miaka michache itaulizwa, kwa haki kabisa, kwa nini inawalipa waigizaji 80. Hivyo ndivyo repatua inavyoweza kufa bila amri yoyote kutiwa saini.

Anayekwenda Moscow leo anaweza kulifuatilia hili mwenyewe kwa karatasi ya bei ndogo. Programu inayouzwa mlangoni huorodhesha waigizaji 2 au 3 kwa nafasi moja, na mfanyakazi huweka alama ya kalamu kando ya jina la atakayecheza usiku huo. Zitunze programu za mchezo mmoja kwa misimu miwili, uone alama zinahamia kwa kina nani, na majina mangapi yamechapwa upya.